Mudathiri Alipotumbukia Kisimani

Kitangari, Newala.
19 Januari 2025.

Mpendwa Mama mdogo Shamsia,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Baba mdogo kifua kimepoa? Sisi tunashukuru, ila Bibi miguu bado inamsumbua.

Kabla hujasoma mbele, kaa chini. Mwanao Mudathiri ni mzima, anakula, na utundu wake ni uleule.

Wiki iliyopita mvua ilishuka, tukafunua kisima cha uani kipokee maji ya mvua. Si unajua tena, maji ya bati yakianza kutiririka, kila mtu anawaza ndoo tu. Tulipokuja kumkumbuka mtoto, kandambili yake ilikuwa inaelea kisimani.

Mjomba alishuka akamtoa. Alikuwa amelegea, hapumui. Mjomba akamshika miguu, akamning'iniza kichwa chini, na majirani wakapiga kelele, “Mtikise, maji yatoke!” Ndivyo tunavyofanya siku zote. Nikasema, “Mlaze chini, Mjomba!” Nani anisikie? Nikampokonya mtoto. Bibi alidhani nimepata wazimu.

Shuleni tulifundishwa kupuliza mdomoni na kukandamiza kifua. Tulicheka sana siku ile, maana tulifanyia mazoezi kwenye gunia la matambara. Gunia halina mama, Mama mdogo. Nilipuliza, nikakandamiza, nikajua nimeshamuua mtoto wa watu. Kisha akakohoa, akatapika, akalia. Wallahi sijawahi kusikia kilio kitamu vile!

Hospitali walimlaza, wakampima, wakaturuhusu.

Sasa kijiji kizima kinaniita daktari. Juzi watu wamekuja mbio kunichukua, mzee mmoja kaanguka shambani. Nilimkuta mwili umeshapoa. Nilimkandamiza hivyo hivyo mpaka mkewe akanishika mikono.

Mwalimu alituambia wengi hawaamki hata ukiwakandamiza. Hapa nyumbani sijamwambia mtu. Mudathiri akilala mchana naweka kiganja puani pake, halafu namwamsha, analia, Bibi ananigombeza. Naogopa, Mama mdogo. Naogopa hata kwenda shule.

Njoo. Ukitaka kumchukua mwanao, mchukue. Lakini kwanza kaa nikufundishe, wewe na Bibi na Mjomba, nisiwe peke yangu ninayejua.

Bibi na Mjomba wanakusalimu, nawe utusalimie Baba mdogo na mdogo wangu Sikuzani. Mwenyezi Mungu akufikishe salama.

Wako akupendaye, anayekungoja,
Esha