Mume Wangu Haoni Vizuri, na Dirisha Lake Limemdhuru Mtoto

Shikamoo Mama Avelina. Mie ni mke wa mtu, naishi Kipawa, naomba unisikilize kwa kuwa nyumbani sina wa kumweleza. Mume wangu Muntasir na mie tunafanya kazi ofisi moja kule Manzese, tunatengeneza programu za kompyuta za hospitali za watu binafsi, na yeye ndiye fundi wa madirisha, yaani yale yanayotokea kwenye kioo cha kompyuta yenye visanduku vya kuandikia jina la mgonjwa na dawa yake, na kwa akili aliyojaaliwa alibuni dirisha moja la msingi, sie tunaliita dirisha mama, kila dirisha jipya tunalizalisha humo badala ya kuanza upya, ukisogeza kisanduku kwa mama basi kimesogea kwa watoto wote, na kazi yetu ikasifiwa mpaka Wazo na Temeke.

Tangu mfungo uliopita macho yake yanafifia, Mama, anaona katikati tu, pembeni giza, na tajiri wetu Bwana Nikodemu hajui, kwa hiyo nikawa nakaa ubavuni kwake kazini namnong'oneza, "kushoto kidogo, hapo hapo," watu wakidhani ni mapenzi. Siku moja nilikwenda msibani, akalipanga upya dirisha mama peke yake, kisanduku kimoja kikapanda juu ya kingine asione, likapelekwa hivyo hivyo hospitali zote.

Hospitali moja ya Temeke daktari akamwandikia mtoto mdogo "nusu kidonge", lile neno "nusu" likafunikwa, nesi Yustina akasoma "kidonge", akatoa kizima. Mtoto alilala usingizi wa ajabu, mamaye anamwita haitiki, mpaka kesho yake ndipo akafumbua macho. Yu hai, alhamdulillahi, lakini Yustina kasimamishwa kazi. Nilikwenda kuitazama ile kompyuta, nikaona kisanduku kimelifunika neno, na nilipotoka nilimkuta getini analia.

"Dada, mie nilisoma kilichoandikwa," akaniambia. "Wananiambia nimeota."

Nikasema pole, nikapita.

Nyumbani nikamwambia Muntasir twende tukaseme. Akanishika mkono, "Wakijua sioni, mie nitakuwa nani? Rekebisha kimyakimya, mke wangu. Nisitiri."

Nimerekebisha pale tu, kwingine kila hospitali ina kompyuta yake na sina kisingizio cha kwenda, na nimelelewa kwamba mke humsitiri mumewe, lakini kila nikimwona mtoto amelala mchana moyo unanipasuka, nifanye nini?

Wahiba (majina yote yamebadilishwa)

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako haikungoja zamu yake gazetini. Nilikupigia simu ofisini siku ile ile niliyoisoma, na niliyokuambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako, wengine wasikie.

Mumeo anastahili huruma, nawe pia. Lakini bibie, ulijua watoto wengine watapewa dawa kwa dirisha lile lile, ukakaa unatafuta kisingizio! Huko si kusitiri. Na Yustina ulimpita getini ukiwa na ukweli wake mdomoni. Ndiyo maana nilikuambia usingoje mumeo aridhie: piga simu hospitali zote waache kompyuta, watumie karatasi, kisha ingia kwa Bwana Nikodemu ufunge mlango useme.

Ulifanya, na hakuna aliyekushangilia. Yustina karudi kazini, ulipokwenda kumwomba radhi akageuka. Mumeo kaondolewa kwenye madirisha. Daktari wa macho kasema ni presha ya macho, iliyopotea haitarudi, dawa italinda iliyobaki, na laiti angekwenda mapema. Sasa unaniuliza kwa simu kama ulikosea kusema. Hukukosea. Ulichelewa.

Kwa hiyo acha kujiuliza. Dawa ya macho mtilie mwenyewe, hata siku ambazo hataki kusema nawe. Yustina usimfuate tena. Mwombe Bwana Nikodemu awakusanye manesi wote awaeleze kosa lilikuwa la nani, na Yustina awepo asikie. Na Bwana Nikodemu asikwambie ulipange dirisha mama haraka haraka. Kila litakaposogezwa, watu wawili walitazame kabla halijatoka.

Bado yupo mama wa yule mtoto, ambaye hajaelezwa lolote. Nendeni wote wawili. Mshike mumeo mkono njiani, mchana, watu wakiona, na mkifika aseme yeye.