Wakili wa Nyumbani Kwetu

Wifi yangu,

Kabla ya salamu, tafuta pa kukaa. Ukishakaa, pokea salamu zangu, na za kaka yako, na za wanao wawili. Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Mgongo unakuacha ulale siku hizi? Na yule binti yako mwenye maneno mengi, bado anawasahihisha walimu wake? Sisi huku tunakula, tunakwenda kazini, nguo tunafua, na mtu wa nje ukimuuliza atakwambia tu wazima. Mimi mwenyewe sijui niseme nini. Tangu wiki iliyopita natembea humu ndani nikigusa vitu kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Ningekupigia simu, lakini kwa simu ningeishia ama kulia ama kukufokea, na bado sijaamua lipi kati ya hayo unalistahili. Kwa hiyo nimekaa mezani, nimesukuma cherehani pembeni, nakuandikia.

Unawajua vizuri wavulana wangu, na majina niliyowabandika unayajua. Mkubwa nilimwita Wakili kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kumwacha mdogo wake ajibu swali. Ukimuuliza mdogo kama ameshiba, mkubwa anasema ameshiba. Ukiuliza nani kamwaga maziwa, mkubwa anasimama katikati na kuanza utetezi: maziwa yalikuwa ukingoni, paka alipita, mtuhumiwa ni mtoto. Mdogo anatabasamu tu, na ndiyo maana nikamwita Bosi. Hasemi, anasemewa. Wateja wangu wakija kupimwa nguo walikuwa wakiomba waitwe hao wawili wawachekeshe. Bosi alipochelewa kusema, majirani walinituliza kwamba ni uvivu tu, mtoto mwenye msemaji wa bure atahangaika kwa nini? Nami nikatulia.

Kulikuwa na hilo la shati pia. Sikumbuki siku niliyomsikia Wakili akimwita ndugu yake kwa jina. Alikuwa anamvuta shati. Mvuto mmoja, Bosi anageuka. Miwili, Bosi anasimama hapo hapo. Asubuhi, mimi nikihangaika kutafuta kiatu kilichopotea na baba yao akinywa chai kwa haraka awahi kiwandani, Wakili alimwamsha mwenzake kwa shati, akamvusha barabara kwa shati, akamfikisha shuleni kwa shati. Nilishona vifungo vya mashati ya Bosi mpaka nikachoka. Nilidhani ni mchezo wao. Wavulana wana michezo ya ajabu, hawa waliwahi kuuzika mswaki wangu uani kwa heshima zote.

Basi Wakili akaumwa tetekuwanga. Nikamfungia chumbani, nikamwambia Bosi asikanyage huko. Wifi, siku hiyo hiyo Bosi akageuka mtoto mwingine. Namwita aje kula, haji. Namkataza pasi, anaisogelea. Jirani alimrudisha kutoka barabarani amembeba kwapani, akanieleza kwa hasira kwamba mwenye pikipiki alipiga honi mpaka karibu aanguke, na mwanangu hakugeuza hata shingo. Nilimsema vibaya. Kaka yako aliporudi nikamwambia mtoto huyu ameota pembe. Akasema anamkosa ndugu yake, nimwache, kisha akatoka kwenda kununua kitu ambacho hatukuwa tumeishiwa. Ukaidi wa mtoto nimeshauona, kwa hiyo nikaamini.

Kesho yake Bosi alikuwa amekaa sakafuni jikoni, amenipa mgongo, anapanga vigurudumu vya uzi uliokwisha. Nikanyoosha mkono kuchukua sufuria kwenye kichanja, kichanja kikang'oka upande mmoja, mifuniko yote ikamwagika kwenye saruji nyuma ya mtoto. Wifi, unazijua sufuria zangu. Paka wa jirani aliruka dirishani. Mimi nilipiga kelele. Wateja wawili waliokuwa barazani waliingia mbio. Bosi akaongeza kigurudumu kingine juu ya mnara wake, taratibu, ulimi nje, usianguke.

 Nikachukua mfuniko na mwiko, nikamsogelea kwa nyuma, nikapiga. Hakuna. Nikapiga tena, karibu na kisogo. Hakuna. Wale wateja wakaangalia chini. Nikazunguka nikapiga magoti mbele yake, nikamwita jina lake la kweli, nikasahau kwamba nilikuwa na pini mdomoni kama ninavyofanya kila siku nikiwa na kazi. Mwanangu akanitazama midomo. Akanyoosha mkono, akazitoa zile pini moja moja, akaziweka pembeni kwa uangalifu. Kisha akatulia, akaniangalia mdomo, akisubiri niseme.

 Nilipoinua kichwa, Wakili alikuwa mlangoni kajifunika shuka, uso mzima vipele, analia. Alikuwa amesikia mifuniko. Akaniomba nisimchape Bosi, kwamba si ukaidi, kwamba Bosi anasikia kwa macho tu na mimi nilikuwa nyuma yake. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, akanishangaa kweli kweli, kama nimemuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ndugu yake ana miguu. Akasema alidhani ndiyo kazi ya mkubwa. Alidhani kila mtu asiyesikia ana mtu wake wa kumsikilizia. Neno hilo lilinipita, nilikuwa nimechanganyikiwa.

Wakili alipopona tukaenda hospitali, sote wanne, kaka yako akiwa ameomba ruhusa kwa msimamizi wake. Daktari wa masikio ni mwanamke kijana, mpole, amevaa barakoa. Alimkalisha Bosi, akamvisha vile vya kufunika masikio, akampa kikapu cha vipande vya mbao. Akanieleza nimwonyeshe kwa vitendo kwamba kila akisikia mlio atupe kipande kimoja kwenye beseni. Akaanza kubonyeza mashine yake. Kipande kikaanguka. Kingine. Kingine tena, bila kukosea. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Daktari akaacha kubonyeza. Hakuwa anamwangalia Bosi, alikuwa anamwangalia Wakili, aliyekaa kando ya mashine kwa adabu, macho kwenye kidole cha daktari. Kila kidole kiliposhuka, Wakili alijikuna pua.

Daktari akamwomba Wakili kwa upole asogee nyuma ya pazia. Akabonyeza. Bosi alishika kipande mkononi akaangalia pazia. Daktari akabonyeza, akaongeza sauti, akabonyeza tena. Bosi aliendelea kuangalia pazia, kipande kimeshikwa tayari, na lile tabasamu lake. Mlio mnene mwishoni kabisa ndio uliomfikia, akashtuka, akatupa kipande chini kwa hofu. Wifi, nimezaa watoto wawili na sikuwahi kusikia uchungu kama ule wa kuangalia kile kipande cha mbao mkononi mwake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoishiwa nguvu. Daktari akawa anaandika, ameinamisha kichwa, barakoa usoni. Akamuuliza kaka yako kama kwao kuna mtu mwingine asiyesikia vizuri. Kaka yako kimya. Akarudia. Kaka yako anaangalia ukuta, ametulia, mtu asiye na wasiwasi wowote. Na Wakili, ambaye alikuwa amerudi na kusimama kati yetu, akanyoosha mkono wake mdogo bila hata kufikiri, akamvuta baba yake shati. Mvuto mmoja. Kaka yako akageuka.

Daktari aliona. Mimi niliona.  Wakili akajiangalia mkono wake mwenyewe, kisha akanikimbilia kujificha, akijua ametoa siri ya mtu. Mwanangu wa miaka minane alikuwa na wateja wawili, na mimi nilikuwa namtuma dukani nikidhani sina mtoto asiye na kazi kama yeye.

Kaka yako aliniambia yote pale kwenye benchi la nje, wavulana wakila ndizi mbali kidogo. Sikio la kulia halikuwahi kufanya kazi. La kushoto lilikuwa na uhai kidogo, na misumeno ya kiwandani imekula sehemu kubwa ya uhai huo. Kule kiwandani hakuna aliyejua kwa sababu kule wote huongea kwa mikono mpaka kengele ya kutoka, na kengele yenyewe yeye huwaangalia wenzake wakivua glavu. Nyumbani alinimudu kwa kuwa nina sauti ya fundi cherehani na humsemesha mtu usoni. Nilimuuliza kuhusu pini. Unajua, wifi, tangu tuoane alikuwa akinitoa pini mdomoni kabla hatujazungumza, akisema anaogopa nisije nikazimeza. Nimewasimulia mashoga zangu wote habari hiyo. Nilijisifu. Akainamisha kichwa, akasema hofu ya kuzimeza ilikuwapo pia. Nikacheka na kulia kwa pamoja, watu wakatuangalia.

Lakini kucheka kuliisha aliponiambia la mwisho. Alijua kuhusu Bosi. Alijua tangu mtoto anatambaa, kwa sababu alimwona anavyotazama midomo.  Alisema aliona Wakili ameshaanza kumvuta mwenzake shati, akajiambia kwamba mdogo atakuwa salama kama yeye alivyokuwa salama, kwa kuwa na yeye alikuwa na mtu wake.

Mtu wake ni wewe, wifi. Aliniambia kwamba siku ya kwanza ya shule mama yenu alikukabidhi yeye mkononi, akakuagiza usimwache aonekane, kwamba mtoto wa kiume akijulikana hasikii hapati kazi wala mke. Akaniambia shati ulilivuta wewe kwanza. Ndipo nilipokumbuka siku mlipokuja kwetu kuniposa. Ulikaa ukiwa umebanana naye mpaka mama yangu akauliza jikoni kama dada wa bwana harusi naye anaolewa humo humo. Tulicheka sana. Baba yangu aliuliza maswali yake, kaka yako akajibu vizuri, kwa heshima, kila jibu likitanguliwa na kituo kidogo. Tulisifu kwamba ni kijana anayefikiri kabla ya kusema. Mkono wako ulikuwa mgongoni kwake muda wote.

Nimekukasirikia. Nakwambia wazi kwa sababu wewe si mtu wa kuzungukwa. Miaka yote hii unakuja kwangu, unalala kwangu, unawabeba hawa watoto, ungeweza kunong'ona neno moja. Ningempenda vile vile. Ningempeleka Bosi kwa daktari akiwa bado ananyonya. Daktari anasema amechelewa lakini hajapotea, kwamba kuna vifaa vya kuvaa masikioni, kwamba akivivaa na kufundishwa atasema. Kaka yako naye amepimwa, na vya kwake vinaweza kusubiri, yeye mwenyewe amesema Bosi kwanza.

Ila daktari ametoa sharti moja, na ndilo linalonifanya niweke hasira pembeni na kukuandikia. Wakili lazima aache. Akiendelea kumsikilizia na kumjibia, Bosi hatakuwa na sababu ya kujifunza, na vile vifaa vitakuwa mapambo. Tumemwambia Wakili kwa uzuri. Tumemwambia amefanya kazi kubwa, sasa akacheze mpira na wenzake. Hachezi. Anasimama mlangoni kumlinda Bosi. Chakula anakigusa tu. Ameniuliza amekosea nini hata anaondolewa. Amemuuliza baba yake yeye sasa atakuwa nani, na baba yake, mtu mzima, akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Kisha Wakili akauliza jambo jingine: shangazi aliachaje? Ulipoolewa ukahamia mbali, ulijua vipi kwamba kaka yako hatagongwa na gari? Kaka yako alikaa chini. Aliniambia hajawahi hata siku moja kujiuliza kama na wewe kulikuumiza.

Kwa hiyo njoo, wifi. Nami nitakufokea kidogo ukifika, jiandae, kisha nitakupikia. Lakini njoo kwa ajili ya huyu mkubwa. Mimi sijui mzigo aliobeba una uzito gani, baba yake ndiye alikuwa mzigo wenyewe, na daktari anajua masikio tu. Ni wewe peke yako unayeweza kumkalisha ukamweleza jinsi ulivyoamka siku ya kwanza bila mtu wa kumsikilizia, na kwamba hukufa.

Msalimie mumeo na binti yako. Kaka yako anakusalimu, anasema ana mengi ya kukuambia ana kwa ana. Wakili amesimama begani kwangu anasoma kila ninaloandika. Amesema nikusalimie, na nikuandikie kwamba Bosi naye anakusalimu. Nikamwambia subiri. Nimemgeukia Bosi, nimetoa pini, nimemuuliza uso kwa uso kama ana neno kwa shangazi yake. Bosi akamwangalia Wakili. Wakili akaketi, akakalia mikono yake. Tumekaa hivyo, mimi kalamu juu, mpaka Bosi akarudisha macho kwangu na kusema mwenyewe, kwa sauti iliyopinda ambayo nadhani sijawahi kuisikia ikiwa peke yake: njoo.

Wakili amelia. Si kilio cha furaha, wifi. Analia kama mtu mzima aliyeachishwa kazi. Panda gari la kwanza utakalolipata.

Ni mimi wifi yako,
Mama Wakili