Mihuri Arobaini na Moja ya Neulbat

Kijiji cha Neulbat,
Pwani ya Jeolla Kusini.
Ijumaa, 11 Aprili 2025.

Mpendwa mwanangu Se-hwan,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako huko Seoul, juu yako wewe, juu ya mkeo Mi-ran, na juu ya mjukuu wangu Ha-yul. Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima. Je, kifua cha mtoto kimetulia? Mama yako mkubwa humtaja katika sala ya alfajiri kabla hajanitaja mimi mumewe, nami sijawahi kulalamika.

Sisi hatujambo, kwa kadiri umri unavyoruhusu. Magoti yangu yanazikataa ngazi za kanisa, lakini nazipanda vivyo hivyo. Macho nayo, tangu nilipofanyiwa upasuaji, yanasoma maandishi madogo kuliko yalivyosoma miaka kumi iliyopita. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana ofisi yenu ya mipango hupenda maandishi madogo.

Vitunguu saumu vimestawi mwaka huu, na majani yake yanafika magotini. Kimchi ya mwisho ya kabichi za Novemba imeiva sana, chachu kama anavyoipenda Mi-ran; tutawatumia pipa moja kwa basi wiki ijayo.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani. Jumapili ulinipigia simu ukaniomba ninyamaze mpaka kamati ya mipango ya umeme itakapokwisha kukaa. Nami nilikujibu, "Nimekusikia." Najua ulidhani nimekubali. Sikukubali, mwanangu. Nilikusikia tu. Simu huwaharakisha watu, na mimi sikutaka kuharakishwa katika jambo ambalo tayari nililiharibu mara moja kwa haraka.

Nitalieleza tangu mwanzo, kwa kuwa sehemu yake unaijua na sehemu nyingine hukuambiwa.

Unalikumbuka sanduku la mihuri lililo chini ya kabati letu. Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukipiga mihuri ile mikononi mwako mpaka mama yako mkubwa akakufukuza kwa mwiko. Tangu mwaka ule mazao yalipoharibiwa na tufani, kila kaya ya Neulbat imeuacha kwangu muhuri wake wa mti uliochongwa jina, ili nisaini kwa niaba yao fomu za mbolea na za bima ya mazao, wao wakiwa shambani. Kaya arobaini na moja, mihuri arobaini na moja. Hakuna aliyeniandikisha hati ya dhamana. Walisema tu kwamba Mzee wa Kanisa hataupiga muhuri wa mtu pasipostahili. Miaka thelathini na miwili nimelala juu ya imani hiyo.

Oktoba iliyopita ulinipigia ukaniambia kwamba wageni wawili wa kampuni ya upimaji watakuja kueleza njia ya umeme, na ukaongeza, "Baba mkubwa, wasaidie. Hii ni kazi yangu ya kwanza kubwa." Moyo wangu ulifurahi. Nilimwona marehemu mdogo wangu, baba yako, akisimama nyuma ya sauti yako. Nikafungua ukumbi wa kanisa siku ya Jumatano.

Walikuja watu kumi na tisa. Wengine walikuwa wakikata kabichi, kwa maana baridi ilikuwa imekaribia. Wageni waligawa taulo na vyakula vya mchana vilivyofungwa vizuri, wakaonyesha picha ukutani kwa dakika ishirini. Kisha yule kijana mwenye miwani akaniletea karatasi zilizobanwa pamoja. "Mzee, hii ni orodha ya waliopata maelezo. Kaya zikiwa pungufu, mkuu wetu atatutuma tena, na nyinyi mko kwenye mavuno."

Ukurasa wa juu ulisema hivyo kweli. Sikugeuza ukurasa wa pili. Nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu, nikafundishwa kwamba mtu asiseme amina kwa sala asiyoisikia mpaka mwisho, na bado sikugeuza ukurasa. Nilileta sanduku, nikafungua wino mwekundu, nikapiga mihuri yote arobaini na moja. Nilifanya hivyo kwa ajili ya kabichi zao, na zaidi ya kabichi, kwa ajili yako.

Mwezi wa Februari kitabu cha mpango kilifika ofisi ya kata. Kina kurasa mia mbili na kumi na mbili, nami nilikisoma chote kwa siku tisa. Nilielewa zaidi ya unavyodhani. Nilielewa kwamba taifa limeamua kulikusanya jua la pwani yetu na upepo wa bahari yetu, na kuupeleka umeme wake kwenye viwanda vya kaskazini. Nilielewa kwamba njia zilikuwa mbili. Ya kwanza inapita mgongoni mwa kilima chetu, minara minane juu ya mapaa ya nyumba na juu ya shule. Ya pili inafuata tuta la ardhi iliyofukiwa baharini, mbali na makazi ya watu, ndefu zaidi kwa kilomita kumi na moja. Na kwenye ukurasa wa themanini na nane nilikuta sentensi moja: kwa kuwa kaya zote arobaini na moja za njia ya kwanza zimeridhia, njia ya pili haikuchunguzwa zaidi.

Nilikisoma kile kipande mara nne, ndipo nikajua kwamba ukurasa ule nisiougeuza ulikuwa hati ya kuridhia. Halafu nikaenda nyuma ya kitabu, mahali palipochapwa mihuri yenyewe, na hapo nikaukuta muhuri wa Mzee Bang Chun-bo. Unajua kwamba Bang tulimzika Agosti. Binti yake wa Busan alikuwa hajaja kuuchukua muhuri wa baba yake, nao ulikuwa bado sandukuni. Mimi, niliyeongoza maziko yake, nilimfanya akubali mnara wa umeme miezi miwili baada ya kumfukia.

Jumapili ya mwisho ya Machi, baada ya ibada, nilisimama mbele ya watu wote nikaungama. Sikumlaumu kijana mwenye miwani. Nilisema: mkono uliopiga ni huu. Mama Ma Ok-rye, ambaye unajua hajawahi kumaliza ibada bila kusema neno, akainuka kwenye benchi la nyuma.

"Yaani Bang kakubali?" akauliza. "Bang huyu huyu, aliyekuwa hakubali hata kuazima toroli?"

Watu wakacheka, na mimi nikiwa nimesimama pale machozi yakinitoka.

"Usilie, mdogo wangu," akaniambia, kwa kuwa ananizidi miaka miwili na hataki nisahau. "Umetuuza, sawa. Sasa twende ukatukomboe. Au magoti yanauma?"

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Gu Pan-seok, akajaribu kutuliza. "Jamani, taratibu. Mpango wa taifa huu. Tukipiga kelele watasema Neulbat inapinga umeme wa jua."

"Nani anapinga jua?" Mama Ok-rye akamgeukia. "Mimi vitunguu vyangu naviotesha kwa tochi? Gu, kaa chini. Taulo lako la bure limeshaanza kuchuja rangi."

Basi nikaleta sanduku, nikawaomba kila mmoja achukue muhuri wake. Hakuinuka mtu. Nikarudia. Mama Ok-rye akasema, "Nikae nao mimi? Utaishia kwenye mtungi wa kimchi. Rudisha kabatini. Ila safari hii, geuza ukurasa." Nimeaibishwa mara nyingi katika maisha, mwanangu, lakini sijapata kuaibishwa kwa wema mkubwa namna ile.

Nataka uielewe vyema nafsi yangu, ili asije mtu akakuambia kwamba baba yako mkubwa ni mzee anayeogopa mambo mapya. Silipingi jua wala upepo. Nilizaliwa nyumba ya kibatari, na siku waya ulipofika Neulbat mama yangu alilia kwa furaha. Naamini kabisa kwamba moshi tunaoupeleka mbinguni tutaulizwa habari zake. Mwezi huu nilikwenda kuliona shamba la paneli za jua kule kwenye ardhi iliyofukiwa. Ilikuwa saa sita mchana, jua limewaka bila wingu hata moja. Msimamizi akapokea simu, akazima safu baada ya safu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mzee, umeme umezidi, njia haziutoshi. Wakubwa wamesema tuzime." Nikaona kwa macho yangu neema ya Mungu ikimwagwa chini, kwa sababu watu walipanda paneli kwanza ndipo wakakumbuka njia.

Kwa hiyo njia ijengwe. Sitaki hata siku moja nisikie umesema kwamba Neulbat iliikataa. Tunachokataa ni kwamba mpango wa taifa zima umeanzia kwenye ramani ya mezani, ukaishia kwenye sanduku la mzee mmoja. Kilomita kumi na moja za waya ni ghali, nami sibishi. Lakini ofisi yenu haikupima hata kama ni ghali kiasi gani. Iliona wino mwekundu ikafunga kalamu.

Sasa lile uliloniomba. Ulisema, "Baba mkubwa, ukisimama kwenye kikao, mimi ndiye nitakayeulizwa. Njia ya kwanza nimeichora mimi." Sauti yako ilikuwa kama ulipokuwa na umri wa miaka minane, usiku ule tulipokuambia habari za baba yako. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya wewe kukata. Nimekulea. Hakuna kaya katika arobaini na moja hizo ninayoipenda kuliko wewe. Naandika hivyo bila kuficha, na Mungu anajua ni kweli.

Na hata hivyo sitanyamaza. Jana nimepeleka kwa kamati hati ya kutengua mihuri yote, nikaitia kidole gumba changu, na nikaambatanisha cheti cha kifo cha Mzee Bang alichonitumia binti yake. Bwana Gu aliniomba nitengue muhuri wa marehemu peke yake, niiache ile arobaini, ili heshima yangu isichafuke sana. Nilimwambia heshima iliyobaki safi kwa njia hiyo awape kuku wake.

Jumanne tarehe 22, siku mbili baada ya Pasaka, kamati itasikiliza watu katika ukumbi wa wilaya. Mabasi mawili yatatoka hapa. Nitaulizwa ni nani aliyenituma kuwasaidia wale wageni, kwa maana swali hilo halikwepeki. Nitajibu kweli. Nitasema: alikuwa mwana wa ndugu yangu, mpimaji wa njia katika ofisi ya mipango, aliniomba kwa simu, hakuniambia nidanganye, na naamini hakujua karatasi ya pili imesema nini. Sitaongeza chumvi, wala sitapunguza jina lako. Kama wewe ulijua, basi utakuwa umeyasikia maneno yangu ya kukutetea, nawe utajua mwenyewe namna ya kulala.

Lakini bado zimebaki siku kumi na moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukinirekebisha hesabu za sadaka ukiwa darasa la nne, mbele ya wazee wote, bila kuona haya. Ninyi wapangaji mna njia yenu ya kusahihisha: mtu huandika kwa mkuu wake kwamba takwimu aliyoitegemea imebatilika, na kwamba njia ya pili ichunguzwe upya. Nimeuona utaratibu huo ukurasa wa mia na arobaini, na hapo mwandishi alikuwa mkarimu hata akaacha nafasi ya jina. Iandike wewe, kabla sijasimama. Ukiiandika, Jumanne nitasema kwamba mpimaji mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema kosa. Usipoiandika, nitakutaja vivyo hivyo, na jioni nitakupigia simu kukuuliza kama umekula.

Usije ukadhani kwamba nakuwekea mtego. Mtu akupendaye hukupa muda, nami nakupa muda nilionao.

Chumba chako kiko kama ulivyokiacha, na sakafu yake tunaipasha moto kila Jumamosi ili unyevu usiingie. Ukifukuzwa kazi, njoo. Ukipandishwa cheo, njoo. Vitunguu huvunwa mwishoni mwa Mei na mikono ni michache.

Mama yako mkubwa anakusalimu, na anasema usivue fulana za joto kabla ya mwezi wa tano. Bwana Gu anakusalimu pamoja na hofu zake zote. Mama Ok-rye anasema nikuandikie kwamba mnara wa kwanza umechorwa juu ya banda lake la kuku, na kwamba kuku hawajaulizwa. Msalimie Mi-ran na umbusu Ha-yul kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Kaburi la baba yako nimelifyeka juzi. Kutoka pale kilima chote kinaonekana, nacho hakina kitu juu yake ila misonobari.

Mungu aliyekuhifadhi tangu utotoni akupe afya, akupe hekima mbele ya wakubwa wako, na akupe mkono usiotetemeka unaposhika kalamu wiki hii. Nikuone Jumanne, kwa upande wowote wa ukumbi utakaochagua kukaa. Mimi nitakaa mbele.

Nikupendaye, wala nisiyekuogopa,
Baba yako mkubwa,

Pyo Jong-dae,
Mzee wa Kanisa, Neulbat.