Udongo wa Pale Ngomeni

Keroka, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Kerubo,

Natumai hujambo na baridi ya huko haijakuingia mifupani. Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua.

Miezi tisa imepita tangu mto wa huko umchukue ndugu yako Tevin. Polisi wametafuta wakachoka, wakakupa kiatu kimoja. Unajua kwetu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa shina la mgomba na udongo wa pale alipofia. Shina ninalo. Nenda pale ngomeni mlipotembea siku ile, uchote udongo kwa mkono wako mwenyewe. Beverly wa jirani yetu anakuja Desemba, atauleta. Na usiniletee visingizio vya shifti. Mkubwa wake ni wewe, na ulimpokea akiwa mzima.

Mimi mamako,
Mama Kerubo

Stechford, Birmingham, 24 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi ya unesi ni nyingi, wadi imejaa.

Udongo nimempa Beverly. Nilienda Jumamosi, mwendo wa saa nne kwa gari. Ni bonde lenye mto. Kando ya barabara kuna nyumba ya mawe ambapo wasafiri wa zamani walibadilisha farasi. Siku hizi inauza chai. Nyuma yake ndiyo ngome ya Warumi, waliokuwa wakilinda mpaka wao. Imebaki misingi na ukuta mfupi tu, na watu hulipa kuitazama. Tevin alicheka, akasema banda la kuku la Baba lilikuwa imara zaidi.

Kama nilivyokuambia, niliingia chooni, nikatoka nikakuta ameteleza. Usiniulize tena, Mama. Mzike tupumzike.

Mwanao,
Kerubo

Keroka, 29 Desemba 2024

Kerubo,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Goti halijapona.

Kaburi lilikuwa limechimbwa, shina limefungwa shuka, wazee wamekaa. Nikafungua mfuko wako. Nimelima miaka hamsini, mtoto. Udongo wa mtoni una mchanga na una harufu. Huu ni mwepesi, una punje nyeupe. Nikazitia majini zikaelea. Mwalimu Solomon akasema mbele ya watu wote kwamba huo ni udongo wa dukani, wa kupandia maua. Wengine walicheka. Wengine waliona haya kwa niaba yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia uani kwangu. Kaburi nimeliacha wazi na mvua inaingia. Kuna nini huko ngomeni usichotaka kukiona? Nenda.

Mimi mamako,
Mama Kerubo

Stechford, 16 Februari 2025

Mama,

Habari ya goti? Mengine sithubutu kuuliza.

Nimeenda. Udongo anao Zilpah wa kanisani, anasafiri Ijumaa. Una mchanga, utaona.

Mwenye kuuza chai ni mama wa Kihindi, Bhanumati, mzaliwa wa Kisumu. Aliposikia lafudhi yangu akaniongelesha Kiswahili, akanitilia tangawizi kwenye chai, akaniambia kuna kijana wa Kenya alifia hapo. Siku ile giza lilikuwa limeingia, hakuniona uso, kwa hiyo hakunijua. Alisema kijana alikaa saa mbili kwenye ukuta wa ngome huku mvua ikimnyeshea. Alimsihi mara tatu aingie ndani. Akajibu, "Hapana, mama. Dada amesema nimsubiri hapa." Jioni akasogea kwenye mawe ya mwisho, juu ya mto, maana pale ndipo barabara inaonekana vizuri.

Sikuwa chooni, Mama. Mimi si nesi. Ninaosha wazee na kuwabadilisha nepi, miaka saba sasa. Tevin aligundua, akanicheka, akasema atakuambia. Nikamwambia, "Nisubiri hapa," nikaondoka na gari. Nilikaa kwenye kituo cha petroli nikinywa kahawa ili baridi imfunze adabu. Niliona raha, sitakuficha. Niliporudi nikakuta watu na tochi ukingoni.

Nitukane, lakini nijibu.

Mwanao,
Kerubo

Stechford, 27 Aprili 2025

Mama,

Natumai u mzima. Hujajibu, na Zilpah anasema udongo alikukabidhi mkononi. Nimekata tiketi ya Agosti. Nataka kuja kupiga magoti kaburini kwake, na kwako.

Mwanao,
Kerubo

Keroka, 8 Juni 2025

Kerubo,

Hapa wote wazima. Goti limepona, usiliulize tena.

Udongo ulifika. Ni wa mto, niliuonja. Tulimzika Tevin Jumamosi iliyofuata na watu walikuja wengi.

Hizo nepi ningekusamehe siku hiyo hiyo. Mimi nilimwosha mama mkwe wangu miaka minne, wala sikuona haya. Kilichoniua ni kingine. Tangu Tevin aanze kutembea nilimwambia, dada akisema simama, usimame. Mimi ndiye niliyemfundisha. Hilo nalibeba mwenyewe.

Ule udongo wako wa dukani sikuutupa. Nilikata shina la pili la mgomba, nikachimbisha kando yake, nikalizika pamoja nao. Wazee walisita. Nikawauliza, yule binti tuliyemjua, nesi aliyempenda ndugu yake, yuko wapi? Wakashika majembe. Tulimwimbia nyimbo mbili. Alizikwa vizuri.

Kwa hiyo tiketi irudishe. Kwetu aliyekwisha kuzikwa harudi nyumbani. Akionekana, watoto hukimbia. Majirani nao nimewaambia waache kuniita lile jina la zamani, na wameshazoea.

Mimi,
Mama Tevin