Mlango wa Taksi Ukilia

Bahati mjukuu wangu,

Nawasalimu nyote huko mtaani Cimpunda. Mimi bado niko Kamituga, nachimba dhahabu. Mgongo tu ndio umechoka.

Umeniuliza kama mafuta ya mawese yataondoa kelele ya mlango wa taksi yako. Nilipokuwa fundi kijana niliyapaka kwenye bawaba za mlango wa taksi moja iliyokuwa ikilia hivyo. Dereva akacheka: "Imenyamaza, petit, mdogo wangu. Uko fundi kweli." Kumbe bawaba zilikuwa zimelegea, kitasa hakikushika vizuri. Nilipanda naye pamoja na abiria; tulipokata kona mlango ukafunguka, na maman mmoja aliyeuegemea akaning'inia nje. Nilimdaka kwa kitenge chake. Mpaka leo naota mikono yake ikitafuta pa kushika.

Kaza bawaba kwanza, ndipo upake grisi. Kama ni mpira wa dirisha unaolia, usafishe, upake poda. Kabla hujakaza, mama yako asikae upande wa mlango huo. Ninaogopa.

Babu yako