Shemeji Kwenye Kitanda cha Vipimo

Abha!! Uko wapi? Nimeaibika leo, natamani ardhi inimeze 🙈

Si unaujua ule utafiti wetu, wa kupima mishipa ya fahamu ya watu wazima wasio na ugonjwa inapitisha umeme kwa kasi gani? Leo navuta pazia, nani kalala pale, mkono wazi? Kaka mkubwa wa mume wangu!

Abha, shemeji YULE! Unajua mila zetu: mke hamgusi wala hasemi na kaka mkubwa wa mumewe. Tangu niolewe sijamgusa hata kivuli. Na kazi yangu ndiyo kumshika mkono!

Nikavuta mtandio mpaka puani. Profesa Karn akafoka: "Mshike, unangoja nini?"

"Ni kaka mkubwa wa mume wangu."

Profesa naye kwao ni hukuhuku Janakpur, mila anazijua, akakohoa. "Ah. Basi msaidizi wetu Sanjit abandike nyaya, wewe bonyeza kitufe tu."

Nikabonyeza. Vidole vikaruka kama samaki! Na kwa kuwa haruhusiwi kusema nami, akaugeukia ukuta: "Ewe ukuta, mwambie daktari apunguze moto!"

UKUTA, Abha! 😭

Mishipa yake mizima kabisa. Lakini nafika nyumbani, mama mkwe kasimama mlangoni: "Umemgusa?"

Shemeji akajibu kutoka chumbani: "Hajanigusa, mama. Kanipiga umeme tu."

Mama mkwe akashusha pumzi. "Afadhali. Nilidhani kakuvunjia heshima."

Sasa mama mkwe naye anataka kesho apimwe. Niombee, shoga, kidole kisije kikanogewa na kile kitufe 😂