Mzigo wa Kushuka Nao Mlimani

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila magoti yananilalamikia. Kila jioni kazi ikiisha napanda na kushuka ngazi za ofisi, mgongoni begi lililojaa rimu za karatasi. Mlinzi hunicheka: "Karani, unahama au umefukuzwa?"

Bunduki bado naiogopa, na damu pia. Swala utampiga wewe. Lakini mama ameniambia alichosema daktari kuhusu moyo wako, na kwamba umeapa kupanda mlimani kuwinda kwa mara ya mwisho. Sitakuzuia. Nitakwenda nawe.

Uliniagiza nijizoeze kubeba nyama. Nyama tunaweza kuiacha hukohuko, Mjomba. Niandikie tu uzito wako wa sasa, bila kuupunguza, niongeze karatasi.

Mpwa wako, mwoga yuleyule